Kufuta Kifungo cha Nje au Kurekebisha Masharti Yake: Kisa cha Philadelphia

Tarehe 6 Novemba 2017, katika mahakama moja ya jinai mjini Philadelphia, watu wawili ambao kwa kawaida hutazamiwa kuomba adhabu walikubaliana kutoiomba. Afisa wa uangalizi, yaani anayewasimamia watu wanaotumikia kifungo cha nje, hakupendekeza mshtakiwa afungwe, na mwendesha mashtaka naye hakupendekeza. Jaji Genece Brinkley aliwasikiliza, akafuta uangalizi wa Robert Rihmeek Williams, ambaye wapenzi wa muziki wa kufoka wanamfahamu kwa jina la Meek Mill, akamhukumu kifungo cha kati ya miaka 2 na 4 katika gereza la jimbo. Kosa la msingi lilikuwa la Januari 2007, mshtakiwa alipokuwa na umri wa miaka 19. Siku ya hukumu hii alikuwa na miaka 30, na karibu utu uzima wake wote aliuishi akiripoti kwa afisa.

Kisa hiki kimeandikwa sana kama habari ya msanii maarufu aliyeonewa. Hapa nakisoma kutoka upande wa meza ambao haukuandikwa sana, yaani upande wa mwendesha mashtaka, kwa sababu ndiye anayelazimika kuamua, kabla jaji hajafungua mdomo, kama ukiukaji uliopo mbele yake unastahili kufuta uangalizi wote au kurekebisha masharti tu. Uamuzi huo unaonekana mdogo kwenye karatasi. Jimbo la Pennsylvania limetumia miaka kadhaa kuutungia sheria mpya, na hata sasa sheria hiyo haijaumaliza.

Kwanza neno lenyewe. Afrika Mashariki tunasema mtu amepewa kifungo cha nje, na huko Kenya wengi husema yuko kwenye probesheni. Napenda neno la kwanza kwa kuwa halifichi kitu: ni kifungo, ila kinatumikiwa nje. Mtu anafanya kazi, analala kwake, anamwona mwanawe, lakini safari zake zinaombewa ruhusa, mkojo wake unapimwa, na anuani yake haibadiliki bila taarifa. Akikosea sharti moja, mahakama inaweza kumwita na kumuuliza kwa nini kifungo kisihamie ndani. Sheria ya Kenya ya uangalizi wa wahalifu inaweka muda huo kati ya miezi 6 na miaka 3. Pennsylvania haikuwa na ukomo wa namna hiyo. Jaji aliweza kutoa uangalizi hadi kufikia adhabu ya juu kabisa ya kosa husika, na pale makosa yalipokuwa mengi, kuupanga mmoja nyuma ya mwingine.

Williams alikamatwa kusini mwa Philadelphia, akashtakiwa kwa makosa ya silaha na dawa za kulevya, na mwaka 2008 Jaji Brinkley, akisikiliza bila baraza la wazee wa mahakama, alimtia hatiani. Ushahidi wa upande wa mashtaka ulimtegemea askari mmoja. Mapema 2009 alihukumiwa kifungo cha miezi 11 na nusu hadi 23 katika jela ya kaunti, kikifuatiwa na miaka ya uangalizi. Alitoka mwaka huohuo. Kama mambo yangekwenda kama yalivyoandikwa siku ile, faili lingefungwa muda mrefu kabla ya 2017.

Halikufungwa, na sababu yake iko katika kifungu cha 9771 cha sheria ya hukumu ya jimbo kama kilivyokuwa wakati huo. Kifungu hicho kilimruhusu jaji kufuta uangalizi baada ya kuthibitishwa kwamba sharti limevunjwa, na kilimzuia kumfunga mtu gerezani isipokuwa moja ya milango mitatu iwe wazi: mtu awe ametiwa hatiani kwa kosa jingine, au mwenendo wake uonyeshe kwamba huenda akatenda kosa jingine asipofungwa, au kifungo kiwe cha lazima ili kulinda heshima ya mamlaka ya mahakama. Mlango wa kwanza unapimika, maana hukumu ipo au haipo. Wa pili unabashiri. Wa tatu hauna kipimo chochote nje ya hisia za jaji aliyeketi pale, kwa kuwa yeye ndiye anayejua heshima yake imeguswa kwa kiasi gani. Na uangalizi ukishafutwa, meza inarudi upya: jaji anaweza kutoa adhabu yoyote aliyoweza kuitoa siku ya hukumu ya awali, ikiwa ni pamoja na uangalizi mwingine unaoanza kuhesabiwa kutoka sifuri.

Hapo ndipo neno kurekebisha linapoanza kumchanganya msomaji. Kati ya 2012 na 2016 Williams aliitwa mahakamani mara kwa mara. Alizuiwa kusafiri kwa kazi zake za muziki. Mwaka 2013 aliamriwa kuhudhuria mafunzo ya adabu, zikiwemo adabu za jinsi ya kujieleza mitandaoni. Mwaka 2014 alifungwa miezi kadhaa na kutoka Desemba, huku miaka mingine ya uangalizi ikiongezwa. Februari 2016, baada ya safari ambazo mahakama iliona hazikuidhinishwa, alipewa siku 90 za kufungiwa nyumbani na miaka 6 zaidi ya uangalizi. Ukizitazama moja moja, nyingi ya hatua hizi ni za wastani, na siku 90 nyumbani si gereza. Mwendesha mashtaka yeyote anayependa kuonekana mwenye kiasi angeweza kuziunga mkono bila kukosa usingizi.

Lakini ziweke kwenye mstari mmoja. Kila nyongeza ya muda ilizaa siku nyingine za kukosea, na kila sharti jipya lilizaa namna mpya ya kulivunja. Mtu anayefanya kazi ya kusafiri, ambaye ratiba yake hubadilika kati ya asubuhi na jioni, akiambiwa aombe ruhusa ya kila safari kwa miaka 6 mingine, ameongezewa mtihani ambao hata mtu mwadilifu angeufeli mara moja moja. Ndiyo sababu nadhani swali la kufuta au kurekebisha, kama linavyoulizwa kwa kawaida, limekosewa tangu kuulizwa. Marekebisho yako ya aina mbili zisizofanana hata kidogo. Yapo yanayopunguza: kufuta sharti lisilohusiana na kosa, kubadili ripoti ya kila wiki kuwa ya kila mwezi, kumpeleka mtu kwenye matibabu badala ya kumpima tu. Na yapo yanayoongeza, ambayo ni kufuta kwa mkopo. Mwendesha mashtaka anayepinga kifungo leo huku akikubali miaka 6 ya ziada hajakataa kifungo, amekiahirisha na kukiongezea uwezekano.

Kuna tukio dogo linaloonyesha uangalizi ulikuwa umefikia wapi. Katika kipindi hicho Williams alipangiwa kazi za kijamii mahali panapohudumia watu wasio na makazi. Siku moja jaji mwenyewe alifika pale kumwangalia. Alimkuta akipanga nguo badala ya kugawa chakula, na jambo hilo lilirudi kama hoja dhidi yake kwenye shauri la Novemba 2017. Sina shaka kwamba jaji aliamini anafanya kazi yake kwa bidii. Bado, mwendesha mashtaka aliyekuwa ukumbini siku ile alisikia jaji akitoa taarifa ya jambo aliloliona kwa macho yake nje ya mahakama. Katika kesi ya kawaida mtu aliyeona ni shahidi, na shahidi huulizwa maswali. Jaji haulizwi.

Sasa tuliweke faili la 2017 mezani kama mwendesha mashtaka alivyolipokea. Machi mwaka ule kulikuwa na ugomvi katika uwanja wa ndege wa St. Louis. Agosti, jijini New York, polisi walimkamata baada ya video iliyowekwa mtandaoni kumwonyesha akiendesha pikipiki barabarani huku gurudumu la mbele liko juu. Mashtaka ya St. Louis hayakufika popote, na yale ya New York yaliwekewa utaratibu wa kufutwa akishafanya kazi ya kijamii. Juu ya hayo kulikuwa na kipimo kilichoonyesha dawa ya maumivu aina ya Percocet, pamoja na suala la safari zisizo na ruhusa.

Wanasheria wa Marekani huyagawa mambo haya mafungu mawili: ukiukaji unaotokana na kosa jipya la jinai, na ukiukaji wa masharti tu, ambao usingekuwa kosa kwa mtu asiye chini ya uangalizi. Mgawanyo huo ndio kazi ya kwanza ya mwendesha mashtaka, na ndipo uzembe mwingi hutokea, kwa sababu kukamatwa husomwa kana kwamba ni kutiwa hatiani. Katika faili hili hakukuwa na hukumu mpya hata moja. Matukio mawili ya polisi yalikuwa yamekwisha au yanaelekea kwisha bila hatia, na yaliyobaki yalikuwa kipimo kimoja na safari. Mlango wa kwanza wa kifungu cha 9771 ulikuwa umefungwa. Wa pili ungemtaka mwendesha mashtaka aseme kwamba mtu mwenye umri wa miaka 30, aliyekamatwa kwa kuchezea pikipiki, huenda akatenda kosa jingine asipowekwa gerezani, na aseme hivyo kwa uso mkavu. Ukabaki mlango wa tatu, ambao si wa mwendesha mashtaka kuufungua.

Kipimo cha ushahidi nacho kilikuwa kinamrahisishia anayetaka kufuta. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa 1973 katika shauri la Gagnon dhidi ya Scarpelli, mtu aliye chini ya uangalizi ana haki ya kusikilizwa mara mbili: kwanza kuona kama kuna sababu ya kumshikilia, kisha shauri kamili. Huko Pennsylvania mawakili huziita hatua hizo kwa jina la shauri hilo tu, Gagnon ya kwanza na Gagnon ya pili. Lakini ukiukaji hauhitaji kuthibitishwa pasipo shaka, inatosha uwe na uzito kuliko kinyume chake. Upande wa mashtaka ukiamua kubeba faili kama hili hadi kifungo, hauna kazi ngumu. Kwa hiyo kutoomba kifungo siku ile hakukutokana na udhaifu wa ushahidi, ulikuwa uamuzi juu ya uzito wa jambo.

Jaji alieleza kwamba alikuwa amempa Williams nafasi baada ya nafasi, naye akaidharau mahakama. Hiyo ndiyo lugha ya mlango wa tatu. Na kisheria ilimtosha, kwa kuwa pendekezo la mwendesha mashtaka ni pendekezo tu. Hapa wasomaji wengi hushangaa. Katika kesi mpya, mwendesha mashtaka akiondoa shtaka, kwa kawaida hakuna kesi. Katika uangalizi mambo yamegeuka: hukumu ilishatolewa, mtu yuko mikononi mwa mahakama, na jaji anaweza kuendelea kwa taarifa ya afisa wa uangalizi hata kama upande wa mashtaka umekaa kimya. Mwendesha mashtaka ana sauti kubwa wakati wa kuanza uangalizi, anapoomba miaka mingapi na masharti gani, na sauti yake hupungua kila mwaka unaopita. Aliyeomba miaka mingi mwanzoni ndiye anayekuja kugundua, baada ya muongo, kwamba hawezi tena kumtoa mtu aliyemwingiza.

Miezi miwili baada ya hukumu hiyo, Januari 2018, Larry Krasner aliapishwa kuwa mkuu wa mashtaka wa Philadelphia. Alikuwa wakili wa utetezi kwa miaka mingi, akachaguliwa kwa ahadi ya kupunguza vifungo, na kesi hii ilikuwa mezani kwake kabla hajazoea kiti. Ofisi yake ingeweza kuendelea na msimamo wa Novemba kwamba kifungo kilizidi na masharti yatosha kurekebishwa. Badala yake ilikwenda nyuma zaidi, hadi hatia ya 2008. Jina la askari aliyekuwa nguzo ya ushahidi lilijitokeza katika orodha ya polisi ambao waendesha mashtaka wenyewe walikuwa na wasiwasi na ukweli wao, orodha iliyotangazwa hadharani mapema 2018. Mwezi Aprili ofisi ilieleza mahakama kwamba hatia ile haifai kusimama. Jaji Brinkley alikataa kumwachia kwa dhamana. Tarehe 24 Aprili 2018 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania iliamuru aachiwe, na jioni ileile alipelekwa kwa helikopta kutazama mechi ya mpira wa kikapu ya timu ya nyumbani. Magazeti yalipenda sana helikopta ile. Mimi hunivutia zaidi kwamba ilihitajika mahakama ya ngazi ya juu kabisa ya jimbo kutekeleza jambo ambalo mwendesha mashtaka na mshtakiwa walikuwa hawabishanii.

Julai 2019 mahakama ya rufani ya jimbo, Superior Court, ilitengua hatia, ikaamuru kesi isikilizwe upya na jaji mwingine. Tarehe 27 Agosti 2019 Williams alikiri kosa moja dogo la kumiliki silaha, upande wa mashtaka ukaondoa yaliyobaki, na hakukuwa na adhabu ya ziada. Januari 2023 gavana Tom Wolf, akiwa katika siku zake za mwisho madarakani, alimsamehe.

Mwezi uleule wa Agosti 2019 waendesha mashtaka wa jimbo zima walikuwa na jambo jingine la kusoma. Katika shauri la Commonwealth (yaani jimbo lenyewe) dhidi ya Foster, Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ilipitia kesi ya mtu aliyefutiwa uangalizi kwa sababu ya picha alizoweka mtandaoni, zikionyesha silaha, fedha na dawa za kulevya. Mahakama ilisema kwamba haitoshi jaji kuona mtu haonyeshi kujirekebisha. Ni lazima kwanza ithibitishwe kwamba alivunja sharti mahususi aliloandikiwa, au alitenda kosa jipya. Kwa mwendesha mashtaka maana yake ni ya kila siku: kabla ya kusema mtu amekiuka, fungua karatasi ya masharti na uonyeshe mstari. Unaweza kushangaa kwamba jambo hilo lilihitaji kusemwa mwaka 2019.

Krasner, kwa upande wake, alikuwa ameshaanza kuishughulikia sehemu ambayo ofisi yake ina nguvu kweli. Machi 2019 alitangaza sera kwamba kwa makosa makubwa waendesha mashtaka wake walenge wastani wa uangalizi usiozidi miezi 18 na wasivuke miaka 3, na kwa makosa madogo wastani wa miezi 6 na ukomo wa mwaka 1. Sera ya ofisi haimfungi jaji, wala haidumu baada ya uchaguzi unaofuata. Lakini imelenga mahali sahihi, kwa sababu uangalizi uliokwisha hauna cha kufutwa.

Bungeni mambo yalikwenda polepole. Seneta Camera Bartolotta wa chama cha Republican na Seneta Anthony Williams wa Democratic walisukuma muswada tangu 2019, wakisaidiwa na shirika la REFORM Alliance ambalo Meek Mill alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Muswada wa kwanza ulikwama. Desemba 2023 gavana Josh Shapiro alitia saini sheria iitwayo Act 44, ikaanza kutumika Juni 2024. Inafaa kuisoma kwa makini, kwa kuwa haisemi yote ambayo mabango yake yalisema.

Kwanza, mlango wa tatu umeondolewa. Heshima ya mahakama si tena sababu inayojitegemea ya kumfunga mtu aliyekiuka masharti tu. Kilichowekwa badala yake ni dhana kwamba ukiukaji wa masharti hauleti gereza, ikifuatwa na orodha ya hali zinazoivunja dhana hiyo: ukiukaji wa kingono, shambulio au tishio la kweli la kumdhuru mtu, silaha, kutoroka, na kadhalika. Nje ya orodha hiyo, anayetaka kifungo kwa sababu ya usalama wa umma lazima aonyeshe, kwa ushahidi ulio wazi na wa kushawishi, tishio linalotambulika, na aonyeshe pia kwamba hakuna njia nyepesi zaidi ya kulidhibiti. Pili, kifungo chenyewe kimewekewa kipimo. Ukiukaji wa kwanza wa masharti, si zaidi ya siku 14. Wa pili, si zaidi ya siku 30. Wa tatu na kuendelea, jaji anarudishiwa meza nzima kama ilivyokuwa zamani.

Linganisha na faili la 2017. Ugomvi wa uwanja wa ndege, kama ungethibitishwa, ungeweza kuingizwa kwenye kipengele cha shambulio, lakini mashahidi wangehitajika, na mashtaka yenyewe yalishaporomoka. Pikipiki haimo. Kipimo cha dawa hakimo. Ila orodha hiyo ina kipengele kingine: kushindwa kwa makusudi na bila sababu kufuata programu au masharti mara tatu au zaidi katika nyakati tofauti, pale ambapo njia nyepesi hazitoshi. Williams alikuwa na rekodi ya 2014. Alikuwa na rekodi ya 2015 iliyozaa amri ya Februari 2016. Na 2017 ingekuwa nini, kama si ya tatu? Sheria iliyopitishwa kwa kutaja jina lake inaacha wazi mlango ambao jaji mwenye mtazamo uleule angeweza kuupitia, na ukomo wa siku 14 na 30 usingemgusa, kwa kuwa ngazi hizo zingeshapandwa. Tawi la Pennsylvania la shirika la haki za kiraia la ACLU liliupinga muswada huu, likisema mianya yake ni mingi mno, na nikilisoma faili hili dhidi ya maandishi ya sheria naona vigumu kusema walikosea.

Hata hivyo ingekuwa si haki kusema hakuna kilichobadilika, na tofauti iko hasa kwa mwendesha mashtaka. Mwaka 2017 ukimya wake haukumzuia jaji, kwa kuwa mlango wa tatu haukumhitaji mtu wa kuusukuma. Leo lazima mtu fulani athibitishe kwamba mshtakiwa alikusudia, kwamba hakuwa na sababu, kwamba matukio yalikuwa tofauti na si tawi la tukio moja, na kwamba njia nyepesi hazitoshi. Mwendesha mashtaka anaposimama na kusema njia nyepesi zinatosha, tena akazitaja, anagusa moja kwa moja kile ambacho sheria inataka kithibitishwe, na jaji anayetaka kwenda kinyume atalazimika kuandika kwa nini, maandishi ambayo mahakama ya rufani itayasoma. Pendekezo limebaki pendekezo, lakini sasa linaweza kuwa kiini cha rufaa.

Kuna hatari upande wa pili, nayo hutokea kimyakimya. Kwa kuwa sheria inahesabu, ofisi nayo itajifunza kuhesabu. Mwendesha mashtaka anayemshuku mtu atataka kila ukiukaji mdogo uandikwe rasmi, kikao kifanyike, siku 14 zitolewe, ili ngazi ya tatu ifikiwe mapema. Ukiukaji ambao zamani afisa angeumaliza kwa kumpigia mtu simu na kumkemea unageuka kuwa namba. Mwenye nia njema naye anaweza kuingia mtego huohuo: anakubali kikao kiandike ukiukaji, mradi adhabu iwe marekebisho tu, bila kukumbuka kwamba marekebisho hayo yamehesabiwa. Kama ningekuwa na la kumshauri wakili kijana wa serikali anayepokea faili la namna hii Philadelphia leo, ningemwambia aulize kwanza kama jambo linaweza kuishia kwa afisa wa uangalizi bila kufika kwenye rekodi, kisha, kama ni lazima lifike, aombe sharti lipunguzwe au libadilishwe bila siku hata moja ya nyongeza, na ombi hilo aliandike na sababu zake badala ya kulisema kwa mdomo mlangoni mwa mahakama.

Suala la fedha nalo huingia hapa, ingawa halikuwa tatizo la mwanamuziki huyu. Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema mwaka 1983, katika shauri la Bearden dhidi ya Georgia, kwamba mtu hawezi kufutiwa uangalizi kwa sababu tu hana uwezo wa kulipa. Njia ya kupita kando ilikuwa kutomfunga bali kumwongezea muda hadi alipe, yaani aina ileile ya marekebisho yanayoongeza. Act 44 imebana njia hiyo kwa mtu ambaye mahakama imeona hana uwezo.

Kipengele cha sheria hii ambacho kingeweza kweli kulibadilisha faili la Williams ni kingine kabisa, na hakihusu ukiukaji. Act 44 imeanzisha kikao cha mapitio: kwa kosa kubwa, baada ya miaka 4 au nusu ya muda wa uangalizi, kipi kinatangulia, kwa kosa dogo, baada ya miaka 2 au nusu ya muda. Mtu ambaye hajatiwa hatiani kwa kosa jipya kwa kawaida anafikishwa kwenye kikao hicho bila yeye kuomba, na mwendesha mashtaka anatakiwa aseme kama anapinga uangalizi kumalizika au la. Swali linageuka. Badala ya kusubiri mtu akosee ndipo ofisi ifikirie kama kifungo chake cha nje bado kina kazi, tarehe yenyewe inailazimisha ofisi kufikiria. Kwa hukumu iliyotolewa mapema 2009, kikao cha namna hiyo kingeangukia mwaka 2013 au 2014, wakati ambapo mahakama ilikuwa ikimwamuru akajifunze adabu, na mwendesha mashtaka angelazimika kusimama na kueleza ni nini, miaka sita au saba baada ya kukamatwa kwake, alichokuwa bado anakiangalia.